Kitindamimba kwenye Friji ya Soda

Lilifunguka asubuhi ya Jumanne, kabla sijaenda dukani, na lilikuwa jeupe.

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya friji, lenzi yangu ya kazi ikiwa jichoni, ile ninayotazamia matumbo ya saa. Mwanzoni nilidhani ni mwanga. Nikazima taa ya friji, nikavuta pazia la dirisha, nikatazama tena. Ua lilikuwa dogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, la mviringo, jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na kooni lilikuwa na vidoti vitatu vya hudhurungi. Lilikuwa zuri, siwezi kulinyima hilo. Lakini halikuwa langu.

Ua nililokuwa nikilingoja lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, lenye mikia mitatu ya manjano, myembamba kama uzi wa buibui. Nilikwisha kuliona likichanua mara mbili, miaka miwili mfululizo, na nililijua kama unavyoijua sura ya mtu uliyelala naye kitanda kimoja. Mmea haubadili rangi ya ua lake kama mtu anavyobadili shati.

Nikashusha lenzi. Baridi ilikuwa ikinipuliza usoni. Mlango wa friji ulikuwa wazi muda wote huo, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka tisa.

Friji yenyewe ilikuwa ya soda. Mume wangu aliitoa kwenye duka lililofungwa, ikiwa na mlango wa kioo na picha ya chupa iliyochanika ubavuni, akaisukuma na wenzake wawili mpaka chumba cha nyuma cha nyumba yetu. Alikuwa mwalimu wa baiolojia. Mimi ni fundi saa, kazi niliyorithi kwa baba yangu pamoja na meza, kibano na mgongo unaouma. Mwalimu, kama nilivyozoea kumwita hata chumbani, alipenda okidi, lakini si zile kubwa unazoziona kwenye meza za mapokezi, zimesimama kama zimealikwa. Zake zilikuwa ndogo za milimani, za misitu inayoshinda ndani ya mawingu. Mmea mzima ulienea kwenye kikombe cha kahawa ukabakiza nafasi. Mji wetu ni wa joto, na joto huziyeyusha hizo kama mshumaa. Kwa hiyo akaitengeneza friji upya: mchana isipande sana, usiku ishuke mpaka unapoingiza mkono vinyweleo vinasimama. Akafunga feni iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu ili hewa isitulie. Maji ya bomba yalikuwa mwiko, ni ya mvua tu, yanayokingwa kwenye mapipa mawili uani.

Jirani mmoja aliyekuja kutusalimia aliiona friji ile, akaomba soda baridi. Mwalimu akamfungulia mlango, akamwonyesha vyungu thelathini na saba, kila kimoja kimevikwa yale manyoya ya kijani yanayoota kwenye mawe yenye unyevu. Jirani akatazama kwa makini kutoka rafu ya juu mpaka ya chini, kisha akasema, "Basi nipe maji."

Hatukujaliwa watoto. Tulijaribu, tukapima, kisha tukaacha kupima. Sitaki kusema kwamba okidi zilichukua nafasi hiyo, maana watu walilisema hilo mbele yetu wakicheka, na sisi tulicheka pia, halafu tukirudi nyumbani hatuongei mpaka tumekula. Lakini kulikuwa na mmea mmoja ambao kweli tulifanya kuuzaa.

Mwalimu alikuwa na okidi mbili alizotaka kuzichanganya. Chavua ya okidi ndogo si unga. Ni vijipunje viwili vya manjano vilivyoshikana, na kuvihamisha kutoka ua moja kwenda jingine kunataka mkono usiotetemeka. Wake ulitetemeka. Akaniita dukani kwa simu, nikaja na kibano changu kidogo kuliko vyote, ninachoshikia nywele ya saa, ile springi nyembamba ya ndani. Alikuwa amesimama nyuma yangu, pumzi yake shingoni mwangu. "Usipumue," akaniambia. Nikamwambia asipumue yeye. Nikavichukua vile vijipunje, nikavishusha ndani ya koo la ua la pili, vikanata. Basi. Nusu dakika. Mkono ulikuwa wangu.

Mbegu zilizokuja zilikuwa vumbi. Mbegu ya okidi haina akiba ya chakula hata ya siku moja, ndiyo maana Mwalimu alizipanda ndani ya chupa za jamu zilizochemshwa, juu ya uji mgumu wa sukari, kwenye maabara ya shule, baada ya vipindi. Miche arobaini na mmoja ikachipua. Ukungu ukaingia chupa moja, ukaingia ya pili. Mingine ilikufa ilipotolewa kwenye chupa, mingine ilikufa bila sababu. Mwaka wa tatu ukabaki mmoja, una majani manne yaliyofanana na vijiko vya kumpimia mtoto dawa.

"Kitindamimba," Mwalimu akasema, akauandikia kibao kwa penseli, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni ulioegemea kushoto.

Tangu siku hiyo hatukusema tena "ule mmea". Tulisema "yeye". Amekula? Amelalaje? Usimwage maji mengi, atavimba tumbo.

Aliyecheka nasi kuliko wote alikuwa wifi yangu, mdogo wake Mwalimu. Wazazi wao walikufa mapema na Mwalimu ndiye aliyemlea, akamsuka nywele vibaya, akampeleka shule, akamwozesha. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwenye sauti iliyokuwa inafika kabla yake. "Kaka yangu ameoa fundi saa," alipenda kuwaambia wageni, "na bado anachelewa kila mahali." Kila Jumamosi alasiri alikuja kunywa chai, na baada ya chai tulikwenda chumba cha nyuma, watu watatu wazima tumechuchumaa mbele ya friji kama tunatazama televisheni. Mimi sikuwa na dada. Nikihesabu watu ambao nimewahi kulala kwao bila kuulizwa nimekuja kufanya nini, alikuwa mmoja tu, naye ni yeye.

Mwalimu aliugua figo. Wiki tatu za mwisho alikuwa hospitalini, na tulimgawana: wifi alikaa naye asubuhi, mimi nilikwenda jioni nikishafunga duka. Tulipishana mlangoni. Ananiambia amekula nini, amelala saa ngapi, amesema nini. Nilimwamini kila neno. Ningeachaje?

Alikufa mwezi wa pili, asubuhi, kwenye zamu ya wifi.

Kitindamimba akachanua miezi saba baadaye. Kichipukizi kilitoka chini ya jani kama ncha ya pini, kikapanda, kikavimba, na siku moja kikajifungua na kutoa rangi ile ya damu ya mzee ambayo hakuna mtu duniani aliyekuwa ameiona kwenye ua la namna hiyo kabla yangu mimi na wifi. Nilimpigia wifi simu akaja na sindano bado imechomekwa kifuani kwenye gauni. Nikampa lenzi. Alitazama muda mrefu mpaka kioo kikafanya mvuke.

"Kaka hakumwona," akasema.

Tukalia pale sakafuni, tumeshikana. Wiki hiyo nilimchongeshea ufunguo wa mlango wa uani, ili aje kumwona wakati wowote hata nikiwa dukani. Nilidhani namfariji. Sikujua kwamba, kwa upande wake, ule ufunguo ulikuja kwa kuchelewa, tena haukutosha.

Mwaka uliofuata alichanua tena. Baada ya hapo, mwezi wa tatu, nikalazwa. Daktari alikuta uvimbe tumboni, wa kawaida, alisema, kama vile tumbo lenyewe ni la jirani. Siku kumi na tisa nilikaa hospitalini, na wifi aliniletea uji, alinifulia, alinichana nywele, na kila siku alinipa habari za friji. Kipimajoto kinasomeka hivi, mvua imejaza pipa, yule mwenye madoa ametoa mzizi. Siku ya kumi na mbili akaniambia, akiwa anakunja shuka, kwamba mizizi ya Kitindamimba ilianza kuoza.

"Nimembadilishia chungu," akasema. "Majani mawili nimeyakata. Usiogope, atapona. Ila atakuwa na sura ya mgonjwa kidogo."

Nilimshukuru. Nilimshika mkono nikaubusu, kwa sababu dawa zilikuwa zimenilainisha na kwa sababu nilimaanisha. Niliporudi nyumbani, nimejishika tumbo, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda chumba cha nyuma. Alikuwa pale kwenye rafu ya pili, mdogo zaidi, majani yamepungua, ndani ya chungu kipya. Kibao cha Mwalimu kimechomekwa ubavuni, mwandiko umeegemea kushoto. Nilisoma jina, nikaridhika. Okidi hizi zikiwa hazina ua zinafanana kama vifungo vya shati moja. Nilikuwa na lenzi inayoweza kuniambia kama jino moja la gurudumu la saa limeliwa, na sikuitumia. Nani anampima mtoto wake kila anaporudi kutoka kwa shangazi?

Basi Jumamosi zikaendelea. Chai, vicheko, habari za wateja wanaotaka sare iliyoshonwa jana. Tulichuchumaa mbele ya friji, sasa wawili, na mimi nikawa nazungumza na yule mmea, nampa moyo, namwambia ajitahidi. Wifi alikuwa ananisikia. Mara nyingine alinijibu kwa niaba yake, kwa sauti ya kitoto: "Najitahidi, mama." Nilicheka mpaka mshono ukauma.

Mwezi wa tisa kichipukizi kikatoka. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepewa barua. Wifi alipokuja nilimvuta mkono kabla hajavua viatu. Alitazama, akakuna shingo.

"Kikate," akasema.

"Nikikate?"

"Wifi, huyu ametoka kuumwa. Ukimwacha achanue sasa atajimaliza. Kaka alikuwa anafanya hivyo kwa wagonjwa wake, hukumbuki? Mwaka mmoja tu, apate nguvu."

Ni kweli, Mwalimu alikuwa akifanya hivyo. Nikachukua mkasi wa kucha. Mkono wangu haukutetemeka, mkono wangu hautetemeki kamwe. Kile kichipukizi kikaanguka juu ya manyoya ya kijani bila sauti, na wifi akanishika bega akasema nimefanya vizuri. Jambo hili ndilo ambalo mpaka leo linanirudia nikiwa naswaki, nikiwa napanga foleni, nikiwa katikati ya mazungumzo na mtu asiyehusika. Wizi peke yake ningeuelewa. Lakini alinipa mimi mkasi.

Kichipukizi cha pili kilipotoka, mwishoni mwa mwezi wa kwanza, sikumwambia. Haikuwa kwa kumshuku. Niliogopa ataniambia nikate tena, na nilikuwa nimechoka kusubiri. Isitoshe kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu ilikuwa inakaribia, na nilitaka siku hiyo nimwite wifi nimfungulie mlango wa friji ghafla, aone. Jumamosi mbili mfululizo nilikisogeza chungu nyuma ya chungu kingine kikubwa. Nilijiona mjanja. Nilikuwa namfichia zawadi.

Kisha ikaja Jumanne.

Siku zile nne mpaka Jumamosi nilifanya kazi kama kawaida. Nilibadilisha betri, nikafupisha mikanda, nikafungua saa ya ukutani ya mzee mmoja nikaifunga tena ikiwa nzima. Kila jioni nilirudi nikalitazama lile ua jeupe, na kila jioni nilitafuta maelezo mengine. Labda ni maji. Labda ule ugonjwa wa mizizi. Nikatoa madaftari ya Mwalimu nikasoma mpaka macho yakawasha. Hakuna maji yanayofuta mikia mitatu. Mmea uliokuwa kwenye chungu changu ulikuwa wa aina ya kawaida kabisa, unaopatikana kwa wakulima wa maua wa milimani kwa wingi kama mchicha. Na mtu mwingine mwenye ufunguo alikuwa mmoja.

Jumamosi alikuja na mfuko wa machungwa. Nilimmiminia chai. Aliongea kuhusu mteja aliyenenepa kati ya kupimwa na kushonewa, na nilimwacha amalize, kwa sababu nilitaka kumsikia akiwa bado wifi yangu kwa dakika chache zaidi. Kisha nikasema twende tukawaone.

Nilifungua friji nikasimama pembeni. Aliinama, na nikaona mgongo wake ukiganda.

"Limechanua lini?" akauliza, bila kugeuka.

"Jumanne."

Feni ilikuwa inazunguka. Akanyoosha mkono kama anataka kukigusa chungu, akaurudisha.

"Labda ni yale maji ya..."

"Wifi," nikasema.

Akakaa chini sakafuni, polepole, kama mtu mzee, na hakuwa mzee. Nilimuuliza yuko wapi. Akasema amekufa. Nikamuuliza lini. Akasema mwezi wa tano.

Nikahesabu, siwezi kujizuia, kuhesabu wakati ni kazi yangu. Kutoka mwezi wa tano mpaka siku ile alikuwa amekuja kwangu Jumamosi karibu arobaini. Mara arobaini alikunywa chai yangu akijua. Mara arobaini alinisikia nikizungumza na mgeni nikimwita kwa jina la marehemu.

"Kwa nini hukuniomba?" nikasema. "Ningemgawa. Mizizi ilikuwa imetosha kugawa. Ningekupa nusu."

"Sikutaka nusu." Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Alikuwa wangu. Kaka alinipa."

Nikangoja.

"Hospitalini. Wiki ile ya mwisho. Aliniambia, Kitindamimba mchukue wewe. Akasema wewe utamuua. Akasema una mikono ya saa, si ya mimea, utamwagia maji mpaka aoze." Akajifuta pua kwa kiganja. "Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umefiwa. Nikasema nitangoja uone mwenyewe, uniambie, wifi, mchukue. Miaka miwili nimengoja. Halafu ukalazwa, nikaona, kama ukifa kwenye meza ya upasuaji, ndugu zako watakuja watazitupa zote jalalani."

Nimekuwa nikiambiwa mambo mazito maishani. Nimeambiwa sitazaa, nimeambiwa nimefiwa. Lakini hayo mawili yalikuja yenyewe, hayakuletwa na mtu aliyekaa kwenye sakafu yangu. Nilisimama pale nikiwa nimeshika mlango wa friji, na nilichokiona si wifi. Nilimwona Mwalimu kitandani, mto umeinuliwa kichwani, akimwambia mdogo wake kwa sauti ya chini kwamba mimi siwezi. Jioni ile ile, pengine, akanipokea akiwa anatabasamu. Akaniuliza, Kitindamimba amelalaje? Nami nikamwambia, amelala vizuri.

"Nionyeshe," nikasema.

Nyumba yake ni mwendo wa robo saa. Tulitembea, yeye mbele, mimi nyuma, na watu waliotufahamu wakatusalimia sote kwa pamoja kama siku zote. Alinipeleka kwenye kibanda alichokuwa anawekea vitambaa. Kulikuwa na friji ndogo mpya, ya kimo cha goti. Kulikuwa na kipimajoto kama cha kwangu, feni kama ya kwangu, chupa ya kunyunyizia. Alikuwa ameandaa kila kitu muda mrefu kabla sijalazwa. Kipimajoto kilikuwa bado na karatasi ya dukani, na tarehe yake ilisomeka. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliotangulia ugonjwa wangu. Wakati ule mimi nilikuwa mzima kabisa, na uvimbe hakuna aliyekuwa ameujua, hata mimi.

Nilimwonyesha tarehe kwa kidole. Aliitazama, akageuza uso.

Mumewe akatokea mlangoni, dereva wa malori, mtu mpole, kifua wazi. "Shemeji," akasema kwa furaha, "karibu. Mbona mmejificha huku?" Akaona tunachotazama, akacheka kwa aibu. "Hicho kijifriji. Mimi ndiye niliyeharibu maua yake. Niliweka soda zangu humo, nikaona hazipoi, nikazungusha kitufe mpaka mwisho, nikasafiri siku tatu. Niliporudi nikamkuta mke wangu analia kama kuna msiba. Nikamwambia, si majani tu?" Akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Tabasamu likamwisha. Aliondoka taratibu, akaturudishia mlango.

Ndani ya friji kulikuwa na soda nne. Nyuma yake, kwenye kona, chungu cha zamani cha Mwalimu kilikuwa kimewekwa vile vile, hakikutupwa. Ndani yake kulikuwa na kitu cheusi kilichokauka, kama kamba ya kiatu iliyoungua. Nilikigusa. Kikabaki kidoleni.

"Nilitaka kukwambia kila Jumamosi," wifi akasema nyuma yangu.

"Lakini ulisema nikate."

Sikungoja jibu.

Wiki zilizofuata nilirudi kwenye madaftari. Mwalimu aliandika kila kitu, joto la asubuhi, mvua, jani lililoanguka, na nilitaka kuona kama aliandika na hilo. Daftari la hospitalini lilikuwa karibu tupu, alikuwa amechoka. Kwenye ukurasa wa mwisho wenye maandishi kulikuwa na mstari mmoja wa penseli, herufi zimeanza kuteleza nje ya mistari: *Kitindamimba, maji siku moja ndiyo moja hapana. Mwambie.*

Kama aliandika hayo kwa mdogo wake ili aniambie mimi, basi alitaka mmea ubaki kwangu, na nilichoambiwa sakafuni kilikuwa uongo juu ya uongo. Kama alijiandikia mwenyewe ili amwambie mdogo wake namna ya kumtunza, basi ni kweli alimpa. Nimelisoma neno hilo nikiwa na hasira na nikiwa nimetulia, asubuhi na jioni. Halisemi ni nani wa kuambiwa. Ningeweza kumsamehe Mwalimu kama ningejua ana kosa, na ningeweza kumwomba radhi kama ningejua hana. Sasa siwezi kufanya lolote kati ya hayo. Nikipita mbele ya picha yake ukutani namtazama kama mtu aliyenikopa maneno.

Wifi alinipigia simu mwezi mzima. Alimtuma mumewe, alimtuma binti yake mkubwa. Mwanzoni sikupokea; baadaye nikawa napokea na kujibu nilichoulizwa tu. Ndugu wa mume walisema nimekuza jambo dogo, ni jani tu, binadamu wanadhulumiana mashamba na wanakula sahani moja. Sikubishana nao. Nilibadilisha kitasa cha mlango wa uani, nikamwagilia vyungu thelathini na sita pamoja na kile cha mgeni. Yeye hakuwa na hatia. Aliletwa ndani ya mfuko, mgeni kama mimi nilivyokuwa kwenye ukoo ule, akaambiwa akae mahali pa mtu. Siku hizi anachanua mara mbili kwa mwaka bila kubembelezwa.

Imepita miaka sita. Mwaka jana, siku ya kazi, dukani kulikuwa na watu watatu. Nilikuwa nimeinama juu ya meza na lenzi jichoni, kwa hiyo niliona kwanza mkono: kidole cha kati kina alama nyingi ndogo za sindano. Mkono uliweka juu ya kioo cha meza saa ya kike, ya kawaida, imesimama.

Nikainua macho. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi mbele. Sijui kama alikuja kwa ajili ya saa. Mafundi saa mjini kwetu tuko zaidi ya mmoja.

"Betri, nadhani," akasema.

"Nitaangalia."

Niliifungua pale pale mbele yake. Nilitoa betri, nikapima, ilikuwa imekwisha kweli. Nikapuliza vumbi, nikaweka nyingine, nikangoja mshale wa sekunde uanze kutembea, nikaulinganisha na saa ya ukutani. Nilikuwa nasikia pumzi yake, na nadhani alikuwa anasikia yangu. Nyuma yake mteja mwingine alisogea, akatazama simu yake.

Nilifunga kifuniko, nikaifuta saa kwa kitambaa, nikamwekea mkononi. Alikuwa ananitazama usoni, akingoja neno moja. Nililijua ni neno gani. Lilikuwa na silabi mbili tu, na nilikuwa nimelitamka kwa miaka ishirini bila kulifikiria.

"Iko sawa, mama," nikamwambia, kama ninavyowaambia wateja wote. "Karibu tena."